Nyoka wa Mzee Mbaluka

Kijiko kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya meza, katikati ya chai ya Sajini Mbithe na chai ya Konstebo Marvin. Chai zote mbili zilikuwa zimepoa na kufanya utando juu.

"Angekuwa na panga ningeelewa, madam," Marvin alisema. "Lakini kijiko? Nani anaua bibi yake na kijiko?"

Mbithe aliuinua ule mfuko kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kijiko cha kulia, cha chuma, kimepinda shingo. Ubapa wake ulikuwa na vishimo vidogo, upande wa juu na upande wa chini.

"Haya ni meno," alisema.

"Meno ya marehemu. Mzee alimsukumia kijiko mdomoni mpaka jino la mbele likavunjika, kisha akampasua kichwa kwa ngazi ya mlango. Jirani alisikia kila kitu. Na mwenyewe amekubali. Sasa tunangoja nini?"

Marehemu alikuwa Kaveke, mama mzee wa Kalimoni, mtu wa sala na wa kuku wachache. Jumatano asubuhi alikutwa amelala chali kwenye mlango wa jikoni yake, damu chini ya kichwa, na mumewe, Mzee Mbaluka, amepiga magoti kando yake na kijiko mkononi. Mzee hakukimbia. Hata angetaka kukimbia, asingejua aelekee wapi. Tangu aache kazi ya kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika, kichwa chake kilikuwa kinamtoka polepole: kwanza majina ya watu, halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu kama amekula au hajala. Mahakama ya Thika ilikuwa imewapa polisi muda mpaka Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema neno lake: Jumatatu ni mauaji, na faili ifungwe.

"Mifukoni alikuwa na nini kingine?" Mbithe aliuliza.

"Leso. Ufunguo, sijui wa wapi. Na tembe moja imefungwa kwa karatasi, imezeeka mpaka imekuwa ya manjano. Hiyo nilipelekea daktari. Inaweza kuwa sumu."

"Inaweza. Nisomee tena maneno yake."

Marvin alisoma bila hamu. "'Ni mimi nilimuua. Nilimuua na nyoka.' Anarudia hiyo tu, asubuhi mpaka jioni. Yaani mzee aliangalia bibi yake, akaona nyoka, akagonga. Kichwa imeisha, madam. Namwonea huruma, lakini mtu amekufa."

"Alisema kwa Kiswahili?"

"Kikamba. Kuna jirani alinitafsiria."

"Huyo jirani ni Mkamba?"

Marvin alijikuna shingo. "Anaitwa Kui. Ni Mkikuyu."

Mbithe alimwaga chai yake dirishani, akachukua kalamu, akaenda kumwona mzee.

Walikuwa wamemweka kwenye chumba cha nyuma, si selini, maana mkuu wa kituo hakutaka afie mikononi mwake. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu amevaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Mbithe alimsalimia kwa Kikamba, akamwita nau, baba, kama ambavyo angemwita mzee yeyote wa kwao. Uso wa mzee ulifunguka kidogo.

"Wewe mwiitu, binti, ni wa nyumba gani?"

"Wa Muli, wa kule Matuu."

"Wa Muli." Alilitafuta jina hilo hewani, hakulipata, akaliacha. "Umempita Kaveke njiani? Ameenda maji. Amekawia."

Marvin, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia jina la Kaveke, akaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Nau," Mbithe alisema polepole, "Kaveke alikufa."

Mzee alimtazama usoni. Ilikuwa ni kama anasikia habari hiyo mara ya kwanza, na bila shaka ndivyo ilivyokuwa, kama ilivyokuwa jana na juzi. Machozi yalimtoka bila sauti. Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, iliyonyooka, kama mtoto anayesoma aya ya kukariri mbele ya kanisa:

"Ni mimi nilimuua. Nilimuua na nzoka."

Mbithe aliweka kalamu chini.

"Nzoka iko wapi, nau? Ilikuwa kwenye nyasi?"

"Aa." Mzee aliinua kidole akagusa kipaji chake. "Hapa." Kisha akanyoosha mkono, akagusa hewa mbele yake, chini kidogo ya bega lake, pale ambapo kichwa cha mwanamke mfupi kingekuwa kama angesimama. "Na hapa."

"Zilitoka wapi?"

"Nilikula nguruwe." Ile sauti ya kukariri tena. "Ni mimi nilikula. Si mtu mwingine."

"Ulikula wapi?"

"Thika. Nilinunua kwa Abdi, karibu na soko."

Walipotoka nje, Mbithe alimgeukia Marvin. "Kwa Kikamba neno ni moja. Yule anayetambaa kwenye majani ni nzoka. Na yule anayekaa tumboni mwa mtoto, unayempa dawa atoke, naye ni nzoka. Mzee hakusema nyoka, Marvin. Alisema minyoo."

"Minyoo inaua mtu na kijiko?"

"Hilo ndilo tunaenda kuuliza."

Kui alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kioski cha mboga ukutani kwa akina Mbaluka. Aliwatolea viti kabla ya kuulizwa swali, akalia kwanza, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa, ndipo akaanza.

"Ngai, Mungu wangu, huyo mama hakuwa na neno na mtu. Nilikuwa nafungua kioski. Nikasikia kishindo, puu! Halafu mzee anapiga kelele: 'Fungua mdomo! Fungua mdomo, mama!' Nikajua anamlisha kitu. Nikazunguka mbio, nikakuta amemkalia na kijiko."

"Kishindo kilikuja kwanza?" Mbithe aliuliza. "Kabla ya kelele?"

"Eee. Kwanza puu. Halafu kelele."

"Una hakika, mama?"

"Afande, mimi nina masikio."

Mbithe alienda mpaka mlango wa jikoni. Ngazi ya saruji ilikuwa na ukingo mkali, na doa la damu lilikuwa kwenye ukingo huo, si mahali pengine. Sufuria ya uji ilikuwa bado juu ya meko, imeganda. Ndoo ilikuwa imelala ubavu, na maji yake yalikuwa yamechora tope mpaka kwenye migomba. Mtu aliyekuwa anatembea na ndoo alianguka ghafla, nyuma, bila kuweka mkono. Mtu anayepigwa huweka mkono.

"Kaveke alikuwa na ugonjwa wa kuanguka?"

"Kuanguka? Hapana." Kui aliwaza. "Lakini alikuwa anazubaa. Unaongea na yeye, unaona macho yameenda mbali, mkono unatetemeka hivi, halafu anarudi anakuuliza ulikuwa unasema nini. Tukasema ni uzee, ama ni kuchoka kumlea huyu mwingine. Wawili wamezeeka, nani wa kumshika mwenzake?"

"Na kijiko?"

Kui alicheka kidogo, kicheko cha kilio. "Kijiko chake, si hata watoto wa njia wanajua! Mzee anatembea na kijiko kwa mfuko wa shati, hata kanisani. Wanamwita Mzee Njaa. Siku ile anasahau suruali, kijiko hawezi sahau."

Marvin aliacha kutafuna jiti alilokuwa nalo mdomoni.

"Kwetu," Mbithe alimwambia, "na kwenu pia, nafikiri, mtu akishikwa na kifafa watu wanasema nini? Mwekee kijiko katikati ya meno, asimeze ulimi."

"Si vizuri," Marvin alisema. "Tulifundishwa. Unamvunja meno."

"Umefundishwa wewe. Yeye hakufundishwa. Na kijiko hicho hakikuwa cha njaa." Alimgeukia Kui tena. "Watu wanasema mzee alikula nguruwe."

Kui aliteremsha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia. "Hao ni Wasabato, si unajua. Nguruwe hata jina hawalitaji. Na yeye alikuwa mzee wa kanisa! Alipoanza kuumwa kichwa na kusahau, wakampeleka hospitali, ikaonekana ana wadudu wa nguruwe kichwani. Daktari akauliza nani anakula hiyo nyama, mzee akasema ni yeye. Mbele ya bibi yake. Walimsimamisha kanisani wakamvua uzee, watu wote wanaona. Kaveke alitembea kichwa chini mwaka mzima."

"Nani alikuwa anawapikia?"

"Kaveke. Lakini Ijumaa ni Beth, msichana wao. Anafanya kazi Ruiru, mume wake alikufa akamwachia mtoto mmoja. Kila Ijumaa lazima aje apike chakula cha Sabato, kwa sababu Jumamosi hawawashi moto. Wali, maharagwe. Na kachumbari bakuli kubwa, inakaa mpaka kesho yake. Kaveke alikuwa anaipenda hiyo kachumbari ya Beth! Anasema hakuna mkono kama huo."

Daktari Jeconia aliwapokea nje ya mochari kule Thika, glavu zimening'inia mfukoni. Alikuwa mtu mrefu asiyependa kupoteza maneno.

"Hakupigwa," alisema. "Jeraha ni moja, kisogoni, la ukingo wa ngazi. Mikononi hana alama hata moja ya kujikinga. Ulimi ameung'ata ubavuni, tena sana. Huo ni mshtuko wa kifafa. Alianguka, kichwa kikapiga saruji. Jino lilivunjwa na kijiko baadaye, na kijiko hakikumuua."

Marvin alivuta pumzi ndefu.

"Kifafa kilitoka wapi?" Mbithe aliuliza.

"Nilifungua kichwa. Kuna vifuko, vidogo kama punje za mtama. Vingine vya zamani, vimekauka kuwa kama mawe. Vingine bado laini. Ni mabuu ya mnyoo wa nguruwe."

"Daktari, huyu mama hakula nguruwe maisha yake yote. Mumewe ndiye anasema alikula."

"Hapo ndipo kila mtu anapokosea." Daktari aliegemea ukuta. "Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva, mnyoo unakua tumboni. Mrefu, lakini wewe husikii kitu. Unafanya kazi, unacheka, unanenepa. Huo mnyoo unatoa mayai, unayatoa chooni. Usiponawa sawasawa, ukashika chakula kisichopikwa, yule anayekula ndiye mayai yanampanda kichwani. Mlaji wa nguruwe anabaki mzima. Anayeumia ni yule anayekula kutoka mkononi mwake."

Mahali fulani nyuma ya jengo watu waliokuja kuchukua maiti walianza wimbo wa kanisa, wakakosea sauti, wakaanza upya.

"Kusahau kwa mzee," Mbithe alisema. "Ni hao wadudu?"

"Picha ya kichwa chake ya wakati ule nimeiona. Amejaa mawe. Lakini ukitaka niape kwamba ndiyo yaliyokula kumbukumbu yake, sitaapa. Inawezekana. Wapo niliowaona wakitibiwa mapema, wakaanza tena kuwaita watoto wao kwa majina. Wapo walioendelea kupotea. Na wapo wazee wanaosahau na kichwani hawana mdudu hata mmoja. Tunachojua ni kidogo kuliko tunachokiona." Akatoa bahasha ndogo mfukoni. "Na hii sumu yenu, Konstebo. Ni dawa ya minyoo. Hii hii inayoua mnyoo wa tumbo, tembe moja inatosha. Imezeeka tu."

Mbithe aliishika ile bahasha. "Aliyemtibu wakati ule alimpa dawa hii?"

"Nimempigia simu. Alimpa akameze nyumbani. Baadaye wakampima choo, kikawa safi. Wakafikiri dawa imefanya kazi."

"Lakini dawa ndiyo hii."

"Ndiyo hii," daktari alisema. "Hakuimeza. Na choo kilikuwa safi vilevile."

Marvin aliangalia huyu, akaangalia yule. "Yaani hakuwa na mnyoo tumboni? Hata siku moja?"

"Mwenye mnyoo ni mtu mwingine," daktari alisema, "na vile vifuko laini vinaniambia hajatibiwa. Bado anapika. Kuna mtoto kwenye hiyo familia?"

"Yuko," Mbithe alisema. "Mjukuu."

"Basi msikae hapa."

Bucha ya Abdi haikuwa mbali na soko, na ilikuwa njiani. Mbithe aliona kwanza maandishi ya kijani juu ya mlango, na nusu mwezi umechorwa kando yake. Alisimama pale barabarani akayatazama. Halafu akaingia akauliza kama alivyopaswa kuuliza.

"Nguruwe?" Abdi alirudi nyuma na kisu chake. "Hapa kwangu? Mama, nani amekutuma? Unataka nifukuzwe mjini?"

"Mzee mmoja, Mbaluka, anasema alinunua hapa."

"Mbaluka wa kiwanda cha nguo? Mzee wa Sabato?" Abdi alishusha kisu, akaanza kucheka, mpaka akaona uso wa Mbithe. "Mama, huyo alikuwa anatoka Kalimoni, anapita bucha zote, anakuja kwangu. Nikamwuliza mara moja kwa nini anajisumbua. Akaniambia, 'Kwako Abdi nina hakika. Hata kisu chako hakijamgusa huyo mnyama.'"

Nje, Marvin alisimama kando ya gari bila kufungua mlango.

"Alitaka kudanganya kwamba amekula nguruwe," alisema, "na bucha pekee anayoijua ni ya Mwislamu."

"Hakuwahi kuwa mwongo," Mbithe alisema. "Hakuwa na mazoezi. Tupeleke Ruiru."

Beth alikuwa amepewa ruhusa kiwandani kwa sababu ya msiba. Walimkuta uani, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya stendi, amekaa kwenye kigoda na ubao wa kukatia magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, mikono myepesi. Alikuwa ameshamaliza kukata kitunguu. Sasa alikuwa kwenye nyanya. Kando yake alikaa msichana mdogo mwenye mapengo, Kaveke mdogo, aliyepewa jina la marehemu, amefungua mdomo kama kifaranga.

"Leo ni Ijumaa," Beth alisema, kama mtu anayejitetea. "Sikujua la kufanya na mikono yangu."

Alichukua kipande cha nyanya akakielekeza kwenye mdomo wa mtoto.

"Acha," Mbithe alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Mtoto alifunga mdomo. Marvin akamwita kwa upole, "Kuja nikuonyeshe redio ya polisi, sweetie," akampeleka kwenye gari.

"Mmekuja kuniambia nini?" Beth aliuliza. "Kwamba anaenda jela? Aende. Mimi simwoni. Alitulisha aibu kwa tumbo lake, kanisa zima likatucheka. Sasa na mama. Aende."

Mbithe alivuta ndoo akaikalia, wakawa uso kwa uso. Alimweleza kuhusu ndoo iliyoanguka, kishindo kilichotangulia kelele, ulimi, kijiko cha mfukoni. Alimweleza kwamba baba yake hakumpiga mama yake. Alikuwa anajaribu kumwokoa kwa njia pekee aliyoikumbuka. Beth alisikiliza, na kisu kikasimama katikati ya nyanya.

"Lakini minyoo ni yake," akasema hatimaye. "Yeye ndiye alikula. Labda alimlisha mama kwa siri."

"Wewe unakula nguruwe, Beth?"

Beth aliangalia mlango wa jirani, kana kwamba mama yake angetokea hapo.

"Kazini wote wanakula. Mwisho wa mwezi tunaenda pale nyuma ya stendi, wanachoma haraka haraka, tunakula tunarudi. Nilianza baada ya kumzika mume wangu. Nilikuwa sitaki kukaa nyumba peke yangu." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Baba hakujua. Alipokiri, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema, kumbe hata yeye. Nikalala usingizi."

Ndipo Mbithe alipomweleza yale ya daktari: anayekula, na anayekula kutoka mkononi mwake. Alieleza taratibu, bila kumtaja mtu.

"Basi ni baba," Beth alisema haraka. "Si yeye ndiye alikula?"

"Anasema alinunua kwa Abdi. Thika, karibu na soko."

Beth alicheka. Kilimtoka tu kicheko, kifupi. "Kwa Abdi? Abdi hawezi kuuza..."

Hakumaliza. Aliteremsha macho mpaka kwenye ubao, kwenye nyanya, kwenye maji mekundu yaliyokuwa yanashuka katikati ya vidole vyake. Alikiweka kisu chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Vaa viatu," Mbithe alisema. "Wewe na mtoto mtaenda hospitali, daktari anawangoja. Kwako ni tembe moja tu, na mtoto atapimwa mapema. Lakini kwanza pitia umwone baba yako."

Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipofika kituoni, na mtoto akaachwa kaunta na askari wa zamu. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapigiwa simu na daktari. Alinung'unika, akasema mzee arudishwe kwa watu wake. Marvin alikaa kwenye meza akafungua yale maelezo ya kwanza.

"Madam, hapa kwa nyoka niandike nini?"

"Andika minyoo. Uandike na jina la aliyetafsiri."

Mzee Mbaluka alikuwa na kikombe cha chai na nusu mkate mbele yake, hajagusa. Beth alisimama mlangoni. Mbithe alibaki nyuma yake.

"Karibu, mama," mzee alimwambia binti yake. "Wewe ni wa hospitali?"

Beth aliingia hatua moja. "Mimi ni jirani," alisema.

"Kaa. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa!" Alifurahi. "Basi Beth atakuja. Nina msichana anaitwa Beth. Unamjua?"

"Namjua."

Mzee alimwangalia kwa makini, akaona ni mtu wa kuaminika. Akainama mbele, akateremsha sauti.

"Usimwambie. Anapenda ile nyama. Nilimwona kwa dirisha, kule Ruiru. Nilikuwa nimempelekea mahindi. Alikuwa amekaa na wenzake, anakula, na anacheka. Tangu tumzike mume wake hakuwa amecheka. Nikarudi na mahindi yangu." Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Daktari akauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Kaveke angejua, asingemruhusu tena kuingia kwa mlango. Wewe unamjua Kaveke."

"Namjua," Beth alisema.

"Nikapewa dawa. Sikumeza. Niliiweka ya Beth, nimtilie kwa chai asijue." Mikono yake ilianza kutembea juu ya koti, mfuko mmoja, mfuko mwingine, ndani, nje. Uso ulianza kumharibika. "Niliiweka hapa. Nilikuwa naiweka. Ijumaa anakuja, nasahau. Anakuja tena, nasahau. Na Kaveke anakula kachumbari. Ni mimi nilimuua. Iko wapi?"

Ile tembe ilikuwa kielelezo, na kielelezo hakitoki kwenye bahasha mpaka faili ifungwe. Mbithe alifungua bahasha, akapita mbele ya Beth, akaiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Hii hapa, nau. Haikupotea."

Mzee aliishika kwa vidole viwili, akaichungulia. Kisha akachukua mkono wa Beth, akaufungua, akaiweka katikati, akavifunga vidole kimoja kimoja.

"Mpe wewe. Wewe hutasahau. Mwambie ni ya kichwa."

"Nitampa."

Alitulia kabisa. Ilikuwa kama mtu ameshusha gunia. Aliangalia mkate, akajaribu kuumega, lakini ukamponyoka, makombo yakaanguka kwenye koti.

"Nimegee, mama," alisema. "Jua halijazama, si ndiyo? Nimegee, tule kabla ya Sabato."

Beth alinyoosha mkono mpaka karibu na mkate. Ukasimama hapo. Kisha akainuka, akatoka nje, akapita kwa Mbithe bila kumwona, akaenda kwenye bomba lililokuwa ukutani. Alifungua maji. Sabuni ilikuwa kipande, ya kufulia. Alinawa viganja, akanawa katikati ya vidole, akanawa chini ya kucha, akapaka sabuni upya, akaanza tena. Kupitia mlango uliokuwa wazi mzee alionekana anamngoja, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyeambiwa atulie mpaka chakula kije.

Marvin alitoka na faili mkononi, akataka kusema kitu kuhusu maji. Mbithe alimzuia kwa kumgusa mkono, wakasimama hapo wawili, mpaka Beth alipofunga bomba mwenyewe.